Shuhuda wa Miguu ya Mwalimu

Katika mtaa ule, saa yako ikisimama na ukakata tamaa nayo, uliambiwa neno moja tu: mpelekee Fundi. Hakuna aliyeuliza fundi gani. Mafundi walikuwa wengi, wa bomba, wa umeme, wa viatu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu watu walijua ni yule mzee wa saa, anayeshinda kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, lenzi imebanwa jichoni, kati ya saa za ukutani ambazo hazikuwahi kukubaliana zote kwa wakati mmoja. Yeye alisema zinakubaliana. Tusimbishie, maana alikuwa mtu wa kubisha hadi chai ipoe.

Alikuwa na tabia moja, nayo ndiyo iliyomponza. Hakuweza kuona kitu kimelegea akakiacha. Ukipita kumsalimia tu, ulitoka mkanda wa saa yako umekazwa. Aliwahi kwenda kutoa pole msibani, akakutwa amepanda juu ya kiti, anarekebisha saa ya ukutani ya wafiwa. Mkewe alimshusha kwa jicho tu.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote, Fundi akiwamo, walimwita Mwalimu. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa miguu isiyotulia. Shuleni hakuna aliyejua, kwa sababu darasani alifundisha akiwa amesimama, anazunguka kati ya madawati, na wazazi wakamsifu kwa bidii. Shida ilikuwa kukaa. Akikaa kwenye kikao cha walimu, kitu kinaanza kutambaa ndani ya miguu. Si maumivu, si muwasho, ila miguu inamsumbua mpaka ainuke. Akiinuka akatembea, inatulia. Akirudi kwenye kiti, yale yale. Jioni mambo yalizidi, na akilala miguu ilirusha mateke yenyewe, mwenye miguu hana habari.

Aliyekuwa na habari ni Fundi. Alivumilia miaka mingi, akijisogeza ukingoni mwa kitanda, mpaka likaja teke moja la tumbo wiki ileile aliyotoka hospitali akiwa na mshono. Alipiga ukelele majirani wakawasha taa. Asubuhi yake Mwalimu alilia sana, kisha akaenda kumtandikia chumba cha pili kwa mikono yake mwenyewe. "Angalau mmoja wetu alale, mume wangu," alimwambia. Fundi akaenda, kwa kuwa hakujua kubishana na mtu anayelia.

Mshono ulipona, lakini habari ya kurudi haikutajwa. Fundi alingoja aitwe. Mwalimu naye alidhani mzee wa watu amepata usingizi wake hatimaye, kwa nini amrudishe kwenye mateke. Wakaishi hivyo, wakicheka vizuri mchana na kuagana mlangoni jioni kama wapangaji. Tuseme ukweli: katika dunia hii Fundi hakutaka kitu kingine zaidi ya kurudi upande wake wa kitanda. Na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuweza kulitamka.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeleta habari ya utafiti. Chuo kilikuwa kinatafuta watu wenye miguu ya namna hiyo, na aliyeongoza kazi alikuwa mwanamke kijana mwenye mwendo wa haraka ambaye soko zima lilimwita Daktari Maganda. Jina alilistahili. Alikuwa akipita kwa wauza vitunguu na magunia matupu, akiwaomba si vitunguu bali maganda makavu, yale wanayoyafagia. Mwanzoni walimwonea huruma. Baadaye wakamzoea, wakawa wanamwekea.

Ndani ya maganda hayo, alieleza, kuna dutu ambayo mmea huitengeneza kwa ajili ya kujilinda, nayo ni jamii ya vitu viitwavyo flavonoidi. Yeye alikuwa ameisafisha mpaka ikawa unga wa manjano. Ilikuwa imewatuliza panya wake wa maabara waliokuwa hawatulii. Kwa binadamu hakuna aliyejua, na alitaka kujua kuliko alivyotaka kula.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kila mshiriki angemeza vidonge kwa awamu mbili: awamu moja vyenye dawa, awamu nyingine vitupu, vyenye unga usio na kazi uliotiwa rangi ileile. Nani ameanza na vidonge vipi, alijua mfamasia mmoja tu, na mfamasia mwenyewe alikuwa mtu ambaye hata ukimuuliza kama mvua itanyesha hasemi. Daktari mwenyewe hakuruhusiwa kujua. Na kila mshiriki alifungwa kifundoni kipimo cha mateke, kidude cheusi kama kifungo cha koti, chenye mkanda, kilichotengenezwa palepale chuoni. Mchana kinavuliwa, ukilala unakivaa.

Siku ileile aliyofungwa, kabla hajalala nacho hata usiku mmoja, Mwalimu alikivua kipimo akaenda kuoga, akakiacha mezani. Meza ya nani? Ya Fundi. Kama unatafuta wa kulaumiwa, anzia hapo.

Fundi alijiambia anakitazama tu. Akakigeuza. Akakitia sikioni, akakitikisa kidogo, na ndani akasikia kitu kinacheza. Kwa mimi na wewe huo ni mlio mdogo usio na maana. Kwa fundi saa, kitu kinachocheza ndani ya chombo ni ugonjwa, tena ugonjwa wa aibu, wa fundi aliyefanya kazi nusu akaenda kula. Alichukua bisibisi ndogo kuliko zote, akakifungua, na chini ya lenzi akauona waya mwembamba kama unywele umesimama ndani ya kikombe kidogo, unatetemeka hata kwa pumzi yake.

"Wasomi wote wale," alijisemea, "wameshindwa kukaza waya mmoja."

Alidondosha tone la gundi kwa ncha ya sindano, akasubiri likauke, akafunika, akatikisa tena. Kimya. Akaridhika. Alitaka mkewe apimwe vizuri, na sasa alikuwa na uhakika kwamba atapimwa vizuri. Hakumwambia, wala si kwa kuficha. Kwake yeye kukaza kitu kilicholegea hakukuwa habari ya kusimulia.

Awamu ya kwanza ilipokwisha, Daktari Maganda aliwaita ofisini kwake. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa makabati na harufu ya vitunguu iliyoingia hata kwenye mapazia. Fundi alikaa. Mwalimu alisimama nyuma ya kiti chake kama kawaida, mikono juu ya egemeo, akihamisha uzito mguu huu na ule. Daktari hakuweza kukaa wala kusimama, na yeye hakuwa mgonjwa. Ilikuwa furaha tu.

"Tazameni," alisema, akageuza kompyuta. "Hii ni ya mshiriki mwingine, simtaji." Mstari ulikuwa na meno kama msumeno. "Na hii ni ya mama."

Mstari wa Mwalimu ulikuwa umelala kimya kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sijui umemeza nini, mama. Vyenye dawa au vitupu, siruhusiwi kujua. Lakini ukilala, miguu yako haitikisiki. Haitikisiki kabisa. Tangu nianze kazi hii sijaona kitu kama hiki."

"Mbona jioni bado inanihangaisha?" Mwalimu aliuliza. "Afadhali kidogo, lakini bado."

"Jioni ukiwa macho ni jambo lingine. Usingizini huwezi kujua mwenyewe. Kinachojua ni kipimo." Akakichukua kipimo mezani, akakishika kwa vidole viwili kwa mapenzi. "Humu ndani kuna waya mwembamba sana. Mguu ukitikisika hata kidogo, nao unatetemeka. Kutetemeka kwake ndiko kunakohesabiwa. Usipotetemeka, mguu umetulia."

 Fundi aliutazama mstari ule uliolala na akauona kwa jina lake: ile ilikuwa gundi. Alifungua mdomo aseme. Daktari alikuwa tayari anaeleza jinsi atakavyowaonyesha wenzake kwenye kikao cha kesho, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyeachiwa duka. Fundi akafunga mdomo. Akajiambia atasema akimaliza. Daktari hakumaliza mpaka alipowafungulia mlango na kuwaaga.

Njiani Mwalimu alikuwa mwepesi. Alitembea mbele kidogo, akageuka nyuma kumtazama, akacheka peke yake.

"Umesikia, Fundi? Sipigi mateke mimi. Nimesingiziwa miaka yote."

"Nimesikia."

"Na wewe huko chumba cha pili, umejuaje kama bado napiga?"

"Sijui. Nitajuaje?"

Wakapita duka la vitambaa, wakapita kinyozi. Mwalimu akatazama mbele, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka kununua sabuni, "Basi ule mto wako uurudishe leo."

Fundi alipata kizunguzungu cha furaha, kwa muda mfupi tu. Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa anaingoja miaka yote ile. Hakulazimika kuomba, hakulazimika kujidhalilisha, ilikuwa imekuja yenyewe barabarani, mchana kweupe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi ambayo hata mjinga anaiweza. Mateke yakija usiku atayameza. Asubuhi atasema amelala salama. Nani angejua?

Lakini kesho yake Daktari angesimama mbele ya watu na mstari wa gundi. Wagonjwa wangeshangilia kitu kisichokuwapo. Na mkewe angelala kila siku akiamini ametulia, naye Fundi angelala pembeni yake na uongo katikati yao, mahali pale pale ambapo yeye alitaka pawe wazi. Aliuma mdomo, akatembea hatua kadhaa, kisha akapiga moyo konde.

"Mwalimu, simama kidogo."

"Kusimama si tatizo langu, unajua. Kuna nini?"

Akamweleza. Hakuzunguka. Alitaja kipimo, bisibisi, waya na gundi. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika polepole.

"Ulitia gundi," alisema.

"Tone moja."

"Kwenye kipimo cha chuo."

"Kilikuwa kinacheza, Mwalimu."

 Mwalimu aligeuka akaanza kurudi walikotoka, kule chuoni, kwa hatua ndefu, na Fundi akamfuata nyuma roho mkononi. Aliona mabega ya mkewe yanatikisika. Akajua amemliza tena, na akajichukia kwa hilo. Kumbe alipomkaribia akakuta anacheka, anacheka mpaka ameshikilia ukuta wa kinyozi, na kinyozi ametoka nje na mashine mkononi kuuliza kuna nini.

"Amewakazia kipimo," Mwalimu alimwambia kinyozi, ambaye hakuelewa chochote. Kisha akajifuta macho, akamtazama mumewe vizuri. "Ungenyamaza, leo ungelala kwangu. Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Na ukasema."

"Nimesema."

Mwalimu akamshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo barabarani, na wakaenda hivyo hadi getini.

Kwa Daktari hakukuwa na kicheko. Alikifungua kipimo mwenyewe, akautazama waya uliosimama wima ndani ya tone lililokauka, akakaa chini. Fundi akatamani atukanwe.

"Jana niliwapigia simu wazazi wangu," alisema hatimaye. "Nikawaambia nimepata kitu."

"Nisamehe, mwanangu," Fundi alisema. "Mimi mkono wangu hauna adabu."

Daktari alishusha pumzi ndefu. Aliumia, na hakuficha. Lakini alikuwa mtu wa haki, akasema afadhali ameambiwa leo kuliko angeumbuka kesho mbele ya kikao. Awamu ya kwanza ya Mwalimu ingefutwa yote. Awamu ya pili angeweza kuendelea nayo, kwa masharti mawili. Kipimo kipya kingetiwa lakiri, muhuri wa nta usiofunguka bila kuvunjika, na yeyote atakayeigusa lakiri, alisema akimtazama Fundi, mkewe atatoka kwenye utafiti saa hiyohiyo. Sharti la pili lilikuwa shuhuda.

"Shuhuda wa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Wa mateke. Mtu anayelala nawe kitanda kimoja. Kila asubuhi anipigie simu aniambie usiku umekwendaje: mateke mengi, machache au kimya. Nikilinganisha na kipimo nitajua kama kinasema kweli. Nyinyi hapo hamna shida, mnalala pamoja."

 Fundi alitazama viatu vyake. Daktari, maskini, hakujua ameshika wapi.

"Hatuna shida," Mwalimu akasema.

Jioni hiyo Fundi alisimama mlangoni pa chumba cha mkewe na mto kwapani, akapiga hodi.

"Shuhuda gani anapiga hodi?" Mwalimu aliuliza kutoka ndani. "Ingia, kazi imeanza."

Fundi alikuwa amejiandaa kama mlinzi. Alikuwa amekunywa chai nzito ili asisinzie, na amekusudia kulala chali, macho wazi, masikio wazi, asikose hata teke moja. Aliupanda upande wake wa kitanda kwa uangalifu. Godoro lilikuwa bado linamjua. Mwalimu alivaa kipimo, akazima taa, wakalala wakisikilizana wanavyopumua, wote wawili wakiona haya kama maharusi.

"Nikikuumiza sema," Mwalimu alisema gizani.

"Nitasema kwa Daktari. Ndiyo kazi niliyopewa."

Akamsikia anacheka chini ya shuka. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mkewe ameshakwenda shule.

"Usiku ulikuwaje, Mzee?" Daktari aliuliza kwenye simu.

Fundi alitafuta katika kumbukumbu zake, hakukuta kitu. "Kimya," akasema.

Siku iliyofuata, kimya. Na iliyofuata, kimya. Fundi alisema hivyo kwa moyo mweupe, maana hakuhisi chochote, na mtu asiyehisi kitu atasemaje. Alianza kuamini maganda yanafanya kazi. Aliwasimulia wateja wake. Alinenepa hata uso. Siku moja alimtengenezea mtu saa akasahau kumdai, na mtu huyo akarudi mwenyewe kuuliza kama kuna tatizo nyumbani.

Asubuhi moja ya mapumziko, binti yao akiwa amekuja kuwasalimia, Daktari Maganda alibisha mlango bila kutangaza. Hakukaa. Aliomba kipimo, akakipeleka dirishani, akaichunguza lakiri pande zote, hata akaazima lenzi ya Fundi. Lakiri ilikuwa nzima.

"Mzee, samahani, sitaki kukuvunjia heshima," alisema. "Kipimo kinasema mama anapiga mateke tangu analala mpaka anaamka. Wewe kila siku unaniambia kimya. Mmoja wenu ananidanganya, na kipimo hakina sababu."

"Na mimi nina sababu gani?" Fundi alipandisha sauti. "Safari ile nilikosa, nikaja mwenyewe kusema. Leo nasema kimya kwa sababu ni kimya."

Binti yao alikuwa amemtazama baba yake kwa muda, kwa jicho la kazi.

"Baba, pandisha suruali."

"Mbele ya wageni?"

"Daktari si mgeni. Pandisha hiyo suruali, Baba."

Fundi akapandisha, kwa hasira, na wote wakaona. Kuanzia kifundoni hadi gotini miguu ya mzee ilikuwa na mabaka, mengine ya zambarau, mengine yameshaanza kugeuka manjano. Mwenyewe aliinama akayatazama kwa mshangao kama ameonyeshwa miguu ya mtu mwingine.

"Nimejigonga kwenye meza," alisema.

"Meza imekugonga nyuma ya goti?" binti aliuliza.

Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. "Nimemuumiza," alisema. "Nimemuumiza hivi, na hasemi."

"Sikusema kwa sababu sikuhisi," Fundi alisema, na sasa alikuwa ameshangaa kweli. "Mimi naweka kichwa tu, nikifumbua macho ni asubuhi."

"Kwa hiyo hujaamka hata usiku mmoja?" Daktari aliuliza.

"Hata mmoja."

"Na umelala hivyo tangu lini?"

Fundi alifikiri. "Tangu niliporudi chumbani."

Hapo ndipo Daktari alipojua kwamba kuna kurudi, na kwamba palikuwa na kuondoka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, asijue kama aulize au aage.

"Huyu hakuwa analala," Mwalimu alisema taratibu. Hakuwa anaongea na Daktari tena. "Kule chumba cha pili. Mimi nikiamka kuitembeza miguu yangu humu ndani, kila mara nilikuwa namsikia huko mbele anazitia saa ufunguo. Nikasema huyu mtu anapenda kazi. Kumbe ulikuwa macho."

"Nilikuwa nasikia unatembea," Fundi alijibu. "Ningelalaje na wewe unatembea? Nilikuwa nangoja utulie kwanza."

"Miaka yote hiyo?"

"Kila usiku."

 Mwanamke aliyemtoa mumewe kitandani ili mzee alale, na mume aliyekubali kutoka ili asimlize mkewe, walikuwa wamekesha kila mmoja upande wake wa ukuta, wakisikilizana. Walitazamana kwa huzuni, kisha huzuni ikashindwa, wakaanza kucheka. Mwalimu alicheka huku analia na Fundi akacheka huku suruali bado imepandishwa. Binti yao alijigeuza dirishani akijifanya anatazama nje.

"Sasa mimi niandike nini?" Daktari aliuliza.

"Andika shuhuda amelala," binti alisema bila kugeuka.

Awamu ya pili nayo ikaisha, na siku ya kufunguliwa siri washiriki wote waliitwa kwenye ukumbi wa chuo. Ungeuona ukumbi ule ungecheka. Viti vilipangwa safu kwa safu na hakuna aliyekaa. Watu walisimama ukutani, walizunguka, walipishana kwenye njia za katikati kama wako sokoni, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa faraja ya mtu aliyekuta jamaa zake. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa kwenye kiti, akionekana yeye ndiye mgonjwa.

Mfamasia alisimama mbele akazungumza, na wengi walisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. Kisha Daktari akaeleza. Unga wa maganda haukumtuliza kila mtu, wala haukumponya yeyote moja kwa moja. Lakini wengi walipokuwa wanaumeza mateke yalipungua, na walipokuwa kwenye vidonge vitupu yalirudi. Ilitosha kuanzisha utafiti mkubwa zaidi. Watu walipiga makofi wakitembea. Bibi mmoja alimkumbatia Daktari akagoma kumwachia, na Daktari naye hakuonyesha haraka. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta.

Baadaye aliwafuata Fundi na Mwalimu pembeni. Uso wake ulikuwa na furaha iliyoingiwa na majuto.

"Mama, wewe ulianza na vyenye dawa," alisema. "Awamu ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli. Ya pili ulimeza vitupu."

Walimwelewa wote wawili kwa pamoja. Siku zile dawa ilipokuwa mwilini mwake, kipimo kilikuwa kimetiwa gundi na shuhuda alikuwa chumba cha pili. Kilichopimwa vizuri kilikuwa unga usio na kazi. Kama maganda yalimsaidia Mwalimu au hayakumsaidia, hakuna mtu duniani atakayejua. Fundi aliinamisha kichwa, akaona aibu mpya ikimpanda juu ya ile ya zamani.

"Usijali," Daktari alisema. "Nafasi yako ipo kwenye utafiti mpya, mama. Ningependa sana uwemo. Ila safari hii nitahitaji shuhuda anayeamka akipigwa teke." Alisita kidogo, akachagua maneno. "Labda binti yenu akubali kulala nawe kwa kipindi hicho. Mzee arudi kule chumba cha pili. Ni kwa muda tu."

Fundi hakuinua kichwa. Alijua mkewe anavyoitaka dawa ile. Alijua amesimama kwenye vikao vingapi, ametembea jioni ngapi huku wenzake wamekaa wanapumzika, na aliyemharibia mara ya kwanza ni yeye. Hakuwa na haki ya kusema kitu. Akajikaza, akaanza kutafuta sauti ya kukubali, aseme mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mwalimu alimwahi. Aliweka mkono juu ya bega la mumewe, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akamwambia Daktari kwa sauti ileile anayoitumia darasani jambo likishaamuliwa:

"Nafasi naitaka, mwanangu, na maganda yako nayataka. Ila huyo shuhuda mwekee kiti pembeni. Upande ule wa kitanda una mwenyewe."